Florence Nightingale: Mwanamke Aliyefungua Daftari la Wagonjwa



Tarehe 12 Mei kila mwaka ni Siku ya Wauguzi Duniani, na katika ushirika wetu siku hiyo inagusa karibu kila nyumba. Tukihesabu benchi kwa benchi Jumapili asubuhi, tunao manesi wa hospitali, tunao wanaosomea unesi, na tunao wengi zaidi wanaofanya kazi katika nyumba za wazee: wanaoogesha, wanaolisha, wanaobadilisha shuka, wanaokesha. Wengine huja ibadani moja kwa moja kutoka shifti ya usiku. Tukiwaona wanasinzia wakati wa mahubiri hatuwalaumu.

Mwezi uliopita, wakati wa chai baada ya ibada, dada mmoja alituuliza jambo. Mahali anapofanya kazi kuna bibi wa miaka zaidi ya 90 ambaye hawezi kujigeuza kitandani. Kila baada ya saa mbili anatakiwa kugeuzwa, na aliyemgeuza aandike saa, upande na jina lake. Usiku mmoja, saa nane, dada yetu alifungua chati akakuta imeshajazwa mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Mwenzake alikuwa amechoka, akaona heri amalize kuandika mapema. Dada alituuliza: hivi karatasi hizo zina faida gani? Si bora kumgeuza mgonjwa na kuachana na maandishi? Na yeye akinyamaza, je, ametenda dhambi?

Siku ile tulimjibu kwa kifupi kwamba bibi ageuzwe kwanza, kisha mkuu wa shifti aambiwe. Lakini swali lake halikututoka moyoni. Leo tunapenda kulijibu kwa kirefu, kwa kusimulia maisha ya mtu ambaye Siku ya Wauguzi iliwekwa kwenye tarehe ya kuzaliwa kwake.

Wengi wetu tunamjua Florence Nightingale kwa picha moja: mwanamke mwenye taa akipita usiku kati ya vitanda vya askari. Picha hiyo si ya uongo, ila haitoshi. Sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha mezani na kitandani, akiwa na kalamu, akihesabu waliokufa na kuuliza kwa nini wamekufa.

Mtoto wa nyumba kubwa

Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wazazi wake wakiwa safarini, wakampa jina la mji. Dada yake mkubwa alizaliwa Naples mwaka mmoja kabla, naye aliitwa Parthenope, jina la kale la mji ule. Walikuwa watu wenye mali. Walikuwa na nyumba Lea Hurst, Derbyshire, na nyingine kubwa zaidi Embley, Hampshire. Baba yao, William, aliwafundisha mabinti zake mwenyewe: Kilatini, Kigiriki na historia. Florence akataka na hesabu. Mama yake, Fanny, hakuona binti wa tabaka lao ana haja gani nazo, lakini mwishowe akatafutiwa mwalimu.

Tarehe 7 Februari 1837, akiwa na miaka 16, aliandika kwamba Mungu amemwita amtumikie. Hakuambiwa kazi ni ipi. Alikaa miaka mingi akiitafuta, na alipoitambua, nyumbani walimkatalia. Mwaka 1845 aliomba aende kujifunza uuguzi katika hospitali ya Salisbury. Wazazi wakakataa kabisa, kwa maana siku hizo nesi wa hospitali alionekana ni mwanamke mlevi aliyekosa pa kwenda. Alikataa pia ndoa na Richard Monckton Milnes, kijana msomi aliyemsubiri kwa miaka, kwa kuwa aliona ndoa ile ingemfunga katika maisha ya sebuleni.

Hapa baadhi yetu tunajiona. Wapo miongoni mwetu ambao wazazi wao kule nyumbani hawajui hasa kazi wanayofanya huku, kwa sababu hawajathubutu kuwaambia kwamba kazi yenyewe ni kumwogesha mzee wa watu. Nightingale aliibeba aibu hiyo miaka mingi kabla yetu.

Mwaka 1851, akiwa na miaka 31, alipata ruhusa ya kukaa miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani, kwa mashemasi wa kike wa Kilutheri waliokuwa chini ya Mchungaji Theodor Fliedner. Huko alijifunza kuamka mapema, kufunga vidonda na kukaa na wanaokufa. Mwaka 1853 alipewa kusimamia nyumba ndogo ya wagonjwa katika mtaa wa Harley, London.

Scutari

Mwaka 1854 Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilipigana na Urusi katika Vita vya Crimea. Magazeti yakaandika jinsi majeruhi wa Kiingereza walivyoachwa bila huduma. Waziri Sidney Herbert, rafiki wa familia, akamwomba Florence aende. Aliondoka na wanawake 38, miongoni mwao watawa wa Kikatoliki, masista wa Kianglikana na manesi wa hospitali. Tarehe 4 Novemba 1854 walifika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, ambako kambi kubwa ya askari ilikuwa imegeuzwa hospitali.

Walikuta wagonjwa wamelala chini kwa mistari mirefu. Hapakuwa na shuka za kutosha, wala sabuni, wala vyombo vya kulia. Aliagiza mabrashi ya kusugulia sakafu, akafungua jiko la chakula cha wagonjwa na mahali pa kufulia, akalipia mengi kwa fedha za michango. Usiku alizunguka na taa. Askari walimpenda.

Hata hivyo waliendelea kufa. Mwezi Februari 1855, kwa hesabu zilizotolewa baadaye, zaidi ya wagonjwa 40 walikufa kati ya kila 100 waliolazwa. Magonjwa yaliyowaua zaidi yalikuwa kuhara, kipindupindu na homa, kuliko risasi. Mwezi Machi ikafika Tume ya Usafi kutoka London. Wakakuta jengo lote limesimama juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba, na njia ya maji ya kunywa ikiwa na mzoga wa mnyama. Wakazibua mifereji, wakaondoa mizoga, wakapaka kuta chokaa, wakafungua njia za hewa. Ilipofika Juni, vifo vilikuwa vimeshuka hadi takriban 2 kati ya 100.

Jambo jingine alilolikuta Scutari halisimuliwi sana. Vifo viliandikwa katika madaftari matatu ya ofisi tatu, na madaftari hayo hayakukubaliana. Mtu aliweza kufa na kuzikwa, na mahali fulani asiandikwe kabisa. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale Scutari waliopotea bila habari walikuwa watoto wa watu.

Hesabu zilizomfundisha yeye mwenyewe

Alirudi Uingereza Agosti 1856 akiwa mgonjwa, na taifa zima likitaka kumshangilia. Yeye hakutaka shangwe. Alikaa na William Farr, mtaalamu mkubwa wa takwimu za vifo, wakapanga idadi zote upya, mwezi kwa mwezi, hospitali kwa hospitali.

Kazi hiyo ilimuumiza. Mwanzoni alikuwa akiamini zaidi kwamba askari walikufa kwa sababu walifikishwa wakiwa wamechelewa, wana njaa na wamechoka kupita kiasi. Takwimu zilionyesha kwamba msongamano, hewa mbaya na uchafu wa hospitali zenyewe vilikuwa na sehemu kubwa katika vifo vile, na hospitali aliyoihudumia kwa upendo ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa na vifo vingi mno. Angeweza kuficha. Nani angemlaumu mwanamke aliyekesha na wagonjwa? Lakini alichapisha. Alichora mchoro wa mviringo uliogawanywa kwa miezi 12: vipande vya buluu kwa waliokufa kwa magonjwa yaliyoweza kuzuilika, vyekundu kwa majeraha, vyeusi kwa sababu nyingine. Hata mbunge asiyependa kusoma majedwali aliuona ule mduara wa buluu akaelewa.

Alionyesha pia kwamba hata wakati wa amani, askari vijana ndani ya kambi za Uingereza walikufa karibu mara mbili ya vijana wa kiraia wa umri wao. Kambi zikaanza kurekebishwa. Mwaka 1858 Chama cha Takwimu cha London kilimkubali kuwa mwanachama, mwanamke wa kwanza kupokelewa humo.

Tangu 1857 afya yake ilivunjika. Kwa miaka mingi alifanya kazi akiwa kitandani au kwenye kochi, akiletewa chakula, wakati mwingine akishindwa kupokea mgeni zaidi ya mmoja kwa siku. Yeye aliyewaandikia wauguzi jinsi ya kumhudumia mgonjwa alijua kumngojea mtu mwingine amfungulie dirisha.

Mwaka 1860, kwa fedha zilizochangwa na wananchi kumshukuru, shule ya manesi ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas' London. Muda mfupi kabla ya hapo kilitoka kitabu chake kidogo kuhusu uuguzi. Humo anasema kwamba mgonjwa akipata vidonda vya kulala, kwa kawaida kosa si la ugonjwa bali ni la uuguzi. Anafundisha pia kwamba muuguzi mwema ahakikishe lile analolifanya akiwapo linafanyika na asipokuwapo. Tukiyasoma maneno hayo tunaiona chati ya saa mbili mbili.

Wazee wa nyumba za maskini

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tumchague yeye.

Uingereza ya siku hizo ilikuwa na nyumba za maskini, zilizoendeshwa kwa kodi za kila eneo. Sheria ilizifanya ziwe ngumu makusudi, ili mwenye nguvu asizikimbilie. Lakini waliojaa humo hawakuwa wenye nguvu. Walikuwa wazee waliochoka, wajane, vipofu, waliopooza, wenye akili zilizochanganyikiwa, watoto yatima, wote pamoja. Aliyeuguza alikuwa maskini mwenzao, mara nyingi mzee naye, bila mafunzo, mara nyingine asiyeweza kusoma maandishi ya chupa ya dawa.

Desemba 1864 alikufa kibarua mmoja wa Kiayalandi aitwaye Timothy Daly, aliyekuwa amelazwa katika nyumba ya maskini ya Holborn, London. Alikufa akiwa na vidonda vibaya vya kulala kwa kukosa kuangaliwa. Magazeti yakapiga kelele. Nightingale, kutoka kitandani kwake, akamwandikia Charles Villiers, waziri aliyehusika na maskini. Hakuandika kulaumu tu. Aliuliza ni wangapi wengine wako katika hali hiyo.

Swali hilo ndilo lililomtofautisha na wengi waliosikitika. Kifo cha mtu mmoja huamsha huruma kwa wiki moja, kisha watu husahau. Pamoja na mkaguzi H. B. Farnall alitunga fomu ya maswali, ikapelekwa katika kila nyumba ya maskini yenye wagonjwa London. Wagonjwa ni wangapi? Nani anawauguza? Nafasi na hewa ni kiasi gani? Mwaka 1865 gazeti la madaktari, The Lancet, nalo lilituma watu kukagua nyumba hizo. Majibu yaliaibisha taifa.

Alidai mambo matatu. Wagonjwa, wasiopona, wenye maradhi ya akili na watoto watenganishwe, kila kundi lipate huduma yake. Pawe na usimamizi mmoja kwa London nzima. Na gharama zibebwe kwa pamoja, ili mtaa maskini usiachiwe wagonjwa wake peke yake. Alishikilia kwamba mtu maskini akishaugua asihesabiwe tena kuwa maskini wa kuadhibiwa, ahesabiwe mgonjwa. Mwaka 1867 Bunge likapitisha sheria ya maskini wa London iliyoanzisha bodi na mfuko wa pamoja. Aliiona haitoshi. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na kutoka hapo zilikua hospitali za umma ambazo nyingine baadaye ziliingia katika huduma ya afya ya taifa, hii tunayotibiwa na kufanyia kazi.

Huko Liverpool, tajiri mwema William Rathbone alijitolea kulipia manesi wenye mafunzo katika nyumba ya maskini ya Brownlow Hill, iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya elfu moja. Nightingale akampeleka Agnes Jones, binti wa Kiayalandi aliyepita Kaiserswerth na St Thomas'. Alianza mwaka 1865 akiwa na manesi 12. Wodi zikabadilika. Lakini Februari 1868 Agnes Jones akashikwa na homa ya taifasi akafa, akiwa na miaka 35 tu. Nightingale alimlilia kwa maandishi, na katika kumlilia aliwaita wasichana wengine waje wajaze nafasi yake.

Mama yake mwenyewe

Kupigania wazee wa watu ni jambo moja. Mzee wa nyumbani ni jambo jingine, na hapa hatuna budi kusimulia kwa unyenyekevu.

Januari 1874 baba yake alianguka kwenye ngazi akafa. Kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, masharti ya urithi yaliipeleka nyumba ya Embley upande wa shangazi yake Florence. Mama Fanny, mjane mzee, macho yakififia na kumbukumbu zikimtoka, ikabidi ahame nyumba aliyoishi karibu miaka 50. Wanaotoka kwetu wanajua mjane kuondoka nyumbani kuna maana gani.

Huyu ndiye mama aliyemzuia binti yake asiwe nesi. Walikuwa wamekorofishana kwa miaka. Sasa Florence, naye mgonjwa, aliacha London kwa miezi mizima akakaa na mama yake Lea Hurst. Aliona ni mzigo, na barua zake hazifichi uchovu wake. Hata hivyo alikaa. Mama alifariki mwaka 1880 akiwa amepita miaka 90. Mwaka 1890 akamzika dada yake Parthenope, ambaye naye aliteseka muda mrefu kwa maradhi ya viungo.

Mwaka huohuo wa 1890 sauti yake ilirekodiwa katika mtambo wa siku hizo. Alikubali kwa ajili ya kuchangia askari wa zamani wa Balaclava, mashujaa wa vitabuni ambao kwa kweli walikuwa wamezeeka katika umaskini.

Alipozeeka

Mungu alimpa umri mrefu. Tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19 hakutoka tena nyumbani kwake mtaa wa South, Mayfair. Macho yaliyosoma majedwali yakaishiwa nuru, akawa wa kusomewa. Kisha kumbukumbu nazo zikaondoka. Mwaka 1907 mfalme alimpa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata, lakini ilipoletwa chumbani alikuwa hawezi tena kufahamu vizuri ni kitu gani.

Tunawaomba wanaofanya kazi na wazee watulie hapa kidogo. Bibi huyu asiyeona, asiyekumbuka, anayehitaji kuogeshwa na kulishwa, ndiye Florence Nightingale. Aliyemgeuza kitandani hakuwa akimgeuza mzigo. Nasi tukiingia chumbani saa nane za usiku, hatujui aliyelala pale alibeba nini kabla hajafika hapo, na hata kama hakubeba lolote la kuandikwa vitabuni, ni mtu.

Alifariki usingizini tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Familia ilikataa heshima ya kuzikwa Westminster Abbey, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Alizikwa East Wellow, Hampshire, pamoja na wazazi wake. Kwenye jiwe kuna herufi mbili za jina lake na tarehe mbili, basi.

Hakuwa malaika

Hatumsimulii kama mtu asiye na doa. Aliwachosha waliomsaidia. Kwa muda mrefu aliamini kwamba magonjwa huletwa na hewa chafu, akachelewa kukubali habari ya vijidudu. Alipinga manesi kuandikishwa rasmi na serikali. Na Mary Seacole, mama Mjamaika aliyekataliwa kujiunga na manesi wa Crimea, akaenda kwa fedha yake mwenyewe na kuwahudumia askari karibu na Balaclava, hakusemwa vizuri na Nightingale katika barua ya faragha. Jambo hilo linatuuma sisi tulio weusi katika nchi hii. Tangu 2016 sanamu ya Mama Seacole imesimama katika viwanja vya hospitali ya St Thomas', hospitali ileile iliyobeba shule ya Nightingale. Tunaona ni haki. Tunaweza kujifunza kwa wote wawili bila kumfunika mmoja.

Kazi ya kuhesabu kwa ajili ya wazee haikuishia kwake. Mwaka 1962 muuguzi Doreen Norton na wenzake walichapisha utafiti juu ya wazee waliolazwa hospitalini Uingereza. Walipima mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, uwezo wa kujigeuza, na kushindwa kuzuia haja. Kila jambo lilipewa alama 1 hadi 4, na mgonjwa aliyepata jumla ya 14 au chini yake alihesabiwa kuwa hatarini kupata vidonda vya kulala. Walionyesha pia umuhimu wa kumgeuza mgonjwa mara kwa mara. Kwa hiyo ile chati inayomchosha dada yetu ina ukoo. Nyuma yake wako wazee walioumia, na wauguzi waliokaa wakaandika nani ameumia na kwa nini, ili wengine wasiumie.

Jibu letu kwa dada

Karatasi haimgeuzi mgonjwa. Dada alisema kweli katika hilo, na Nightingale angekubaliana naye. Mtu anayeandika vizuri na kumwacha bibi amelalia upande mmoja amefanya ubaya mara mbili: amemwacha aumie, kisha ameliziba jicho la atakayekuja asubuhi. Nesi wa mchana ataona chati imejaa, ataamini, hatatazama mgongo. Kidonda kitakuja, na watu watasema ni uzee. Madaftari matatu ya Scutari yalikuwa na kosa la namna hiyo.

Lakini kumgeuza bila kuandika nako hakutoshi. Wewe uliyemgeuza utakwenda nyumbani kulala. Anayekuja baada yako hajui ni saa ngapi, ni upande upi, na kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Maandishi ya kweli ndiyo njia ya wewe kumlinda bibi ukiwa haupo.

Na kunyamaza? Tunajua kwa nini watu hunyamaza. Kuna anayeogopa kuitwa mchongezi, kuna anayehofia viza yake, kuna anayejua kwamba mwenzake aliyejaza chati mapema alikuwa ameingia shifti ya tatu mfululizo na wako wawili kwa wazee wote wa ghorofa. Hatumrushii jiwe. Lakini kama wafanyakazi ni wachache, uchache huo hauwezi kuonekana kwenye karatasi inayosema kila kitu kimefanyika. Kuandika kwamba saa nane hakugeuzwa kwa sababu hapakuwa na mtu ni vigumu, na ni kweli, na ndiko kunakoweza kumletea bibi mtu wa pili. Nightingale alichapisha hesabu zilizomhukumu yeye mwenyewe. Kwa hesabu hizo kambi na hospitali zilirekebishwa.

Ushirika umekubaliana kwamba yeyote mwenye jambo la namna hii kazini asilibebe peke yake. Aje kwa wazee wa kanisa au kwa dada zetu manesi wenye uzoefu. Tutakaa naye, tutamsaidia kuandika barua, na tutaomba naye. Na wale ambao mama zao wako nyumbani, wanageuzwa na dada wa kazi au na shemeji, wapige simu leo wawashukuru kwa majina.

Mungu awape nguvu wote wanaoingia shifti usiku wa leo. Amina.